Kufuata Maji ya Dartmoor

“Kaka, huko hakuna kitu,” mdogo wangu aliniambia huku akifunga vifungo vya sare yake ya uuguzi. “Ni nyasi, mvua na gereza. Kaa hapa Plymouth, bahari unaiona dirishani.”

Bahari nilikuwa nimeiona siku kumi mfululizo. Yeye alikuwa na zamu za usiku wiki nzima. Akirudi asubuhi analala, nami natembea kwa ncha za vidole nisimwamshe. Kila nilipotazama kaskazini niliona mstari wa vilima vya kijivu, mara upo, mara umefutwa na wingu, kama mlima wetu unavyowafanyia watalii pale Moshi. Mtu aliyezaliwa Kibosho hawezi kukaa chini ya kilima siku kumi bila kuuliza huko juu kuna nini. Nikaazima koti la mvua la shemeji, nikanunua mabuti, nikapanda basi la Princetown.

Dartmoor ni nyanda ya juu ya mawe ya granite katika jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1951, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 954. Lakini neno “hifadhi” lisikudanganye ukaanza kutafuta geti na kiingilio. Watu wanaishi humo humo, wanafuga, wanazika, wanauza bia. Dalili pekee ya kwamba umeingia nyikani ni wavu wa vyuma uliolazwa barabarani ili mifugo isivuke. Basi likapita juu yake kwa mlio wa meno yanayogongana, na hapo hapo miti ikaisha. Kondoo walikuwa wamelala kwenye lami wakitafuna, dereva akawasubiri bila kupiga honi. Mbele kidogo kundi la farasi wafupi wenye manyoya marefu liliupa upepo mgongo. Nilidhani ni wanyama wa porini, mpaka mama mmoja kwenye kiti cha jirani akanisahihisha: kila farasi ana mwenyewe, na kila vuli wenyewe huwaswaga kutoka nyikani ili wahesabiwe.

Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba na vilima vilikuwa vya zambarau. Nilishuka, nikainama kukitazama kile kichaka kinachofika magotini, nikakitambua kama mtu anavyomtambua binamu aliyedumaa. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, msitu wa mvua unapoisha unaingia kwenye vichaka vya jamii ya Erica. Kwetu vimekua vikawa miti, vimening’iniza ndevu za kijani, na viko mita 3000 juu ya bahari. Hapa ukoo huo huo unatambaa chini, na Princetown yenyewe iko mita 430 tu. Soko la kijijini kwetu liko juu zaidi ya mara tatu. Ila upepo wa Atlantiki hausomi vipimo vya ramani. Mji huu hupata takriban milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na sehemu yake nzuri ilinishukia kabla sijafika mlangoni mwa nyumba ya wageni.

*

Princetown ni barabara moja, baa mbili tatu, kanisa, na gereza linalouzidi mji mzima kwa ukubwa. Aliyeuanzisha ni Thomas Tyrwhitt, katibu wa Mwanamfalme wa Wales, mtu aliyeamini kwamba nyika hii ingeweza kulimwa kitani na nafaka. Ardhi ikamkatalia. Akapata wazo jingine: Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon, na mateka walikuwa wamejazana kwenye meli kuukuu bandarini Plymouth. Ujenzi wa gereza ulianza 1806, na Wafaransa wa kwanza wakaingia 1809.

Habari iliyonizuia mbele ya ukuta ule, koti likichuruzika maji, ilikuwa ya Wamarekani. Nchi yao ilipoingia vitani na Uingereza mwaka 1812, mabaharia wao wapatao 6500 waliishia humu, na karibu 1000 kati yao walikuwa watu weusi. Mabaharia weupe walidai watengwe nao, na weusi wakawekwa katika jengo namba 4. Kiongozi wao alikuwa Richard Crafus, jitu la miraba minne lililoitwa King Dick, ambaye alikuwa akipita na rungu kukagua usafi na kuamua kesi. Jengo namba 4 likawa na mahubiri, mafunzo ya ndondi, na jukwaa ambako waliigiza Shakespeare. Wale wale weupe waliodai kutengwa wakawa wanakuja kutazama.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Ghent mnamo Desemba 1814, lakini meli za kuwarudisha kwao hazikuja. Tarehe 6 Aprili 1815, vita ikiwa imekwisha, walinzi waliwafyatulia risasi wafungwa uani na kuwaua kadhaa. Ukijumlisha na waliokufa kwa ndui, homa ya mapafu na baridi, Wafaransa na Wamarekani wapatao 1500 hawakutoka hapa. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, hatua chache kutoka gerezani, limejengwa kwa mikono yao. Niliweka kiganja ukutani. Jiwe lilikuwa na unyevu, likimetameta chembechembe.

Chembechembe hizo ndizo zilizokuja kulifunga gereza. Granite hutoa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, na kuivuta kwa miaka mingi kunaweza kuleta saratani ya mapafu. Vipimo vilipoonyesha kiwango kikubwa, wafungwa wote wakahamishwa mwaka 2024. Baada ya zaidi ya miaka 200, mawe yale yale yaliyochaguliwa ili watu wasitoke yakawa sababu ya kuwatoa. Nilisikiliza kwa dakika kadhaa. Nilichosikia ni maji tu yakianguka kutoka mabombani mwa paa.

*

Siku ya pili nilielekea magharibi, nikifuata tuta la reli iliyokufa. Tyrwhitt aliianzisha mwaka 1823, mabehewa yakikokotwa na farasi; treni za mvuke zikafuata, na mwaka 1956 ikafungwa. Ni njia nzuri kwa mtu mwenye magoti ya umri wangu, kwa sababu reli haipendi mwinuko. Inauzunguka mlima badala ya kuupanda, na njiani inapita kwenye machimbo ya granite ya Foggintor na Swelltor.

Hapo Swelltor, kando ya njia, nilikuta mawe makubwa yaliyochongwa yakawa tayari, kingo zake zimenyooka, yamelala katika nyasi kama mizigo inayosubiri gari. Yalichongwa mwaka 1903 kwa kazi ya kupanua Daraja la London, kisha hayakuhitajika. Daraja lenyewe liliuzwa mwaka 1968, likafunguliwa jiwe kwa jiwe na kupelekwa Lake Havasu City, jangwani Arizona. Haya bado yanasubiri. Nilikaa juu ya mojawapo nikala mkate wangu, nikamfikiria fundi aliyelimaliza, akapangusa vumbi la patasi, akaenda nyumbani akijua kwamba jiwe lake linakwenda mjini.

Kutoka hapo nikakatiza hadi Merrivale. Safu mbili za mawe mafupi, kila safu ikiwa na mistari miwili, zinakwenda sambamba kuelekea mashariki. Ile ndefu ni kama mita 260. Zilisimikwa miaka ipatayo 4000 iliyopita, na pembeni yake bado kuna duara za misingi ya nyumba. Wakati huo nyika hii haikuwa nyika. Palikuwa na msitu, na watu wa nyumba hizi za duara waliufyeka wakapata malisho. Kisha hali ya hewa ikapoa, udongo uliochujwa na mvua ukachoka, mboji nyeusi ikajilimbikiza juu yake. Upana huu ambao mgeni anausifu kuwa haujaguswa ulifunguliwa kwa shoka.

Lakini nisiseme uongo: si mawe yaliyonisimamisha pale. Kati ya safu zile mbili unapita mfereji, upana wake kama hatua moja, maji yakienda kimya bila haraka, yakifuata mkunjo wa mlima. Nilishtuka kama aliyesikia jina lake likitajwa ugenini. Huu ulikuwa mfongo.

Kwa msomaji ambaye hakukulia Uchagani: mfongo ni mfereji unaochimbwa kwa mkono kuvuta maji kutoka mtoni juu, kuyatembeza ubavuni mwa mlima, hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walipopanda Kilimanjaro karne ya 19 walikuta mifongo ikitiririka. Ufundi wake wote uko kwenye mteremko. Ukiuchimba wima mno, maji yanakula kingo. Ukiulaza mno, yanatuama na kuoza. Hakukuwa na kipimo ila jicho, na maji yenyewe yakiachiwa kidogo kidogo nyuma ya jembe. Hapa Dartmoor mfereji wa namna hii wanauita leat, na mifereji hiyo imeizunguka nyika kama mishipa mkononi mwa mzee. Wachimba madini ya bati waliihitaji kuzungusha magurudumu na kuosha mawe, wakulima waliihitaji kwa mifugo, miji ya chini kwa kunywa.

*

Siku ya tatu nilijiamini kupita kiasi.

Asubuhi ilikuwa safi. Nilishuka kusini kwa njia pana hadi Nun’s Cross, msalaba wa granite unaonizidi kimo, ambao ulikwisha kutajwa katika maandishi ya mwaka 1240 kama alama ya mpaka. Karibu yake kuna nyumba ya mkulima iliyohamwa, peke yake katika uwazi wote ule. Mita chache kutoka hapo ndipo mfereji wa Devonport, mkubwa kuliko ule wa Merrivale, unapoingia chini ya ardhi kwa handaki na kutokea upande wa pili wa kilima. Nilitembea kwenye ukingo wake kidogo, nikauaga, nikateremka bondeni kutazama Fox Tor Mires.

Mwandishi Arthur Conan Doyle alikuja Princetown mwaka 1901, akalala katika hoteli ambayo jengo lake bado liko katikati ya mji, na inaaminika kwamba bonde hili ndilo lililompa lile tope linalomeza watu na farasi katika hadithi ya Sherlock Holmes na mbwa wa akina Baskerville. Nilitaka tu kulisogelea, nipige picha. Nikaona majani ya kijani kibichi, laini, kama bustani ya hoteli. Nikakanyaga.

Ardhi ilicheza. Ilikuwa kama kukanyaga uji uliofanya utando juu. Mguu wa pili ukazama hadi juu ya buti, na nilipouvuta ukatoka na soksi tu. Buti nililifukua kwa mikono. Nilipoinua kichwa, vilima havikuwepo. Ukungu ulikuwa umeteremka wakati mimi nahangaika, mweupe, mzito, na msalaba, nyumba na njia yangu vilikuwa vimemezwa vyote. Simu ilikuwa na picha nzuri lakini haina mtandao.

Nikajikaza nisianze kwenda ovyo. Nilipokuwa na miaka 12 baba alianza kunituma usiku kulinda zamu yetu ya maji, maana jirani mwenye kiu hana haya saa nane za usiku. Giza la migombani halina tofauti na ukungu huu. Na jambo moja mtoto wa mfongo analijua hata akifumba macho: mto unateremka mlima, mfongo unaukata ubavu. Ukiwa chini yake na ukapanda, popote utakapopandia, lazima utauvuka. Huwezi kuukosa kama unavyoweza kuukosa msalaba.

Nikalipa tope kisogo nikapanda. Nilipanda katika nyasi za mafundomafundo, nikaanguka mara mbili, nikahesabu hatua ili nisihesabu kitu kingine. Katika hatua ya 400 na kitu nikasikia, si mlio, bali ule mnong’ono wa maji yanayojua njia. Mfereji ulikuwa mbele ya vidole vyangu.

Sasa kulia au kushoto? Maji yale yalikuwa yanakwenda Plymouth, kwa mdogo wangu. Mimi nilitaka Princetown, upande yalikotokea. Kwa hiyo niyatazame usoni. Nikaufuata ukingo kinyume na mkondo, buti moja likilia maji, hadi nikatokea kwenye barabara nyembamba ya Whiteworks, penye magofu ya mgodi wa bati. Niliigusa lami kwa mkono. Saa moja baadaye nilikuwa mbele ya moto wa baa, na mzee mmoja mwenye mbwa aliyelowa kama mimi akaniuliza nilikuwa wapi. Nilipomweleza, akatikisa kichwa taratibu, akasema watu wa huku nao hufanya hivyo hivyo: ukipotea, tafuta leat.

Usiku ule nilijisomea habari zake na kucheka peke yangu. Mji wa Plymouth ulipata mfereji wake mwaka 1591, kazi iliyosimamiwa na Francis Drake. Karne iliyofuata, jirani yake, ukaota mji mwingine kuzunguka gati la jeshi la majini, ukiitwa Plymouth Dock, na ndugu hawa wawili wakagombania maji. Plymouth haikutaka kuwagawia. Samuel Johnson, yule bwana wa kamusi ya Kiingereza, alipotembelea mji mwaka 1762 aliingilia ugomvi kwa mzaha, akajitia kuwa upande wa Plymouth, akasema hao wa Dock wafe kwa kiu. Mwishowe watu wa Dock wakachimba wa kwao, katika miaka ya 1790: kilomita zipatazo 43, kutoka katikati ya nyika hadi gatini. Mji huo ulibadilishwa jina mwaka 1824 ukawa Devonport, na mfereji ukachukua jina hilo. Maneno ya Johnson nimeyasikia Kibosho, bila mzaha, wazee wawili wakiwa wameshika mapanga.

*

Siku ya nne sikuwa na shaka ninakokwenda. Mtu akishaokolewa na mfongo, adabu ni kwenda kulisalimu banio lake.

Kutoka Two Bridges njia inapanda kando ya mto West Dart. Baada ya kilomita mbili hivi unafika Wistman’s Wood, kipande cha mialoni iliyosalia, mifupi, imepindapinda, imekua kati ya majabali, na kila tawi limevikwa kuvumwani na ukoga hadi huoni gome. Ni msitu wa kuvutia mno, na hilo ndilo tatizo lake: wageni wamekuwa wengi, miguu inachubua ukoga, na sasa wanaombwa waupite kwa nje. Niliupita kwa nje. Vijana wawili wenye mabegi ya kulalia walikuwa wakishuka kutoka juu. Mahakama ya Juu iliamua Mei 2025 kwamba haki ya watu kupiga kambi kwenye malisho ya pamoja ya Dartmoor ni halali, na nyuso zao zilionyesha kwamba haki hiyo haiji na usingizi.

Mbele kidogo ya msitu mto umezuiwa kwa ukuta mfupi wa mawe, na ubavuni maji yanaingia mferejini. Basi. Hakuna sanamu, hakuna maandishi makubwa. Kwetu banio lilikuwa la mawe, udongo na magogo ya migomba, na mvua za masika zikilibomoa tulilijenga upya. Hili lilikuwa gumu zaidi, lakini mtu aliyejenga la kwetu angelielewa kwa kutupia jicho mara moja. Kwenye ukingo nikaona kitu kilichonigusa kuliko mawe ya miaka 4000: mafungu ya majani na tope, mabichi, yamechotwa kutoka ndani ya mfereji na kuwekwa pembeni kwa nafasi sawa. Kuna mtu alikuwa hapa na koleo wiki hiyo.

Mfongo wa ukoo wetu ulikufa nikiwa kidato cha pili. Hakuna aliyeuua. Bomba lilikuja, kahawa ikashuka bei, vijana wakateremka Moshi na Dar es Salaam, na siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha, wakaanza kutokea watu 20, kisha 6. Mfongo hauhitaji adui. Majani mwaka wa kwanza, mizizi mwaka wa pili, mwaka wa tatu mbuzi wanavuka bila kulowa. Nilikaa pale bonde la West Dart, katika nchi inayolowa karibu kila siku, nikitazama mfereji wenye umri wa zaidi ya miaka 200 ukipita na maji yake kamili, nikaona wivu.

Jioni nilirudi Plymouth. Mdogo wangu alikuwa ameamka, kanga kiunoni, anajaza birika bombani.

“Haya, niambie. Si nilikwambia huko hakuna kitu?”

Nikamwambia funga bomba kwanza. Nikamweleza kwamba mfereji wa Devonport haufiki tena mjini. Tangu lilipojengwa bwawa la Burrator mwaka 1898, unamwaga maji yake humo, na bwawa hilo ndilo linaloinywesha Plymouth. Amekuwa akiichemsha Dartmoor miaka tisa bila kuijua. Akacheka, akawasha birika. Kisha akageuka, kicheko kimemtoka.

“Wa kwetu, kaka, ni nani alikuwa wa mwisho kuusafisha?”

Tukaanza kuwataja. Babu mdogo aliacha alipoanguka. Wale wa ng’ambo ya mto waliacha lilipokuja bomba. Baba mkubwa alihamia kwa mwanawe Arusha. Tukabaki na jina moja ambalo kila mmoja alitaka mwenzake alitaje. Nilikuwa nimemwona mwenyewe, likizo ile ya kidato cha pili, Jumamosi ya msaragambo: baba yuko ndani ya mfongo hadi magotini, jembe moja, anafanya kipande chake na vya majirani wote, nami nikapita juu ya ukingo na mpira kwapani nikijifanya sikumwona.

Birika likachemka. Mdogo wangu akamimina vikombe viwili.